MAZUNGUMZO YA JAMAA: Kuni za Kanisa ni Ngapi?



Leo twazungumza habari ya kuni. Najua kuna mtu atakayecheka na kusema: "Gazeti la Kanisa na kuni, wapi na wapi?" Vumilia kidogo, ndugu. Nani kati yenu hajapata kuona siku ya sikukuu ya kigango, jinsi akina mama wanavyoamka alfajiri kuwasha moto chini ya masufuria makubwa? Pilau hupikwa, nyama hupikwa, chai huchemshwa, wageni hushiba, Padre hushukuru, na jioni majivu humwagwa nyuma ya jiko. Mchango wa mchele umeandikwa daftarini, na wa ng'ombe, na wa sukari, hata wa chumvi. Kuni hazikuandikwa. Zilikuja tu.

Basi nawauliza ninyi wa Kawajense, na kwa njia yenu nawauliza wote wa Mpanda na wa vijiji vya Katavi: kwa mwaka mmoja kuni za Kanisa ni ngapi?

Siulizi kwa kuwachokoza. Baba Mtakatifu Fransisko alituandikia waraka wake Laudato Si' tarehe 24 Mei 2015, akatuonyesha kwamba mwenye kuiumiza ardhi humwumiza maskini kabla ya wote. Tarehe 4 Oktoba 2023 akaandika tena, safari hii kwa maneno makali zaidi, kwa kuwa aliwaona wakubwa wa dunia wanazidi kuchelewa. Yeye mwenyewe alituaga tarehe 21 Aprili 2025, lakini nyaraka zake zipo. Nasi tumezisikia mimbarini, tumeimba, tumepanda miche mbele ya kanisa, tukapigwa picha. Halafu wakaja mbuzi.

Mimi sina ugomvi na miche. Ninalosema ni kwamba tumeanzia mwisho. Mwenye duka akiona fedha zake zapungua, hakimbilii kununua bidhaa mpya; kwanza hufungua daftari aone zinatokea wapi. Sisi hatuna daftari la kuni.

Mbona nawauliza hasa ninyi wa Kawajense? Kwa sababu kata yenu imo ndani ya Manispaa ya Mpanda, na mji ndio unaokula msitu wa kijiji. Mnunuzi yuko kwenu, shoka liko mbali. Mama wa mjini hununua mkaa kwa kopo au kwa gunia, wala haoni ulikotoka. Na hesabu ya mkaa yatisha. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 za mkaa, na fundi akiwa hodari labda 20. Zilizobaki zimekwenda na moshi. Kwa hiyo kijana apitaye na gunia moja juu ya baiskeli, tuseme lina kilo 50, abeba pamoja nalo kilo 250 za mti, au hata 500, ambazo wewe huzioni.

Tena tumekuwa wengi. Mwaka 2012, mwaka ule ule Katavi ilipofanywa mkoa, tulihesabiwa watu 564,604. Mwaka 2022 tukahesabiwa 1,152,958. Katika miaka kumi tumezidi mara mbili, na hakuna kati yetu asiyekula chakula kilichopikwa. Hapa ndipo nisikiapo neno nisilolipenda, nalo husemwa hata kwenye viti vya kanisa: "Ni wageni wanaotumalizia msitu." Wageni gani? Wasukuma waliokuja na ng'ombe? Waha? Ndugu zetu wa Katumba na Mishamo, ambao wao au wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972, na wengi wao sasa ni raia kama wewe? Mpanda yenyewe ni mji uliokuzwa na wageni: reli ililetwa kutoka Kaliua kwa ajili ya madini ya risasi, watu wakaja na reli, mgodi ukafungwa zamani, watu wakabaki. Aliyefika mwaka 1950 na aliyefika mwaka jana wote wawili wamejenga kwa matofali ya kuchoma. Anayetaka kumhukumu jirani yake atazame kwanza ukuta wa nyumba yake.

Nao ukuta wa kanisa vilevile. Hapo ndipo penye kuni nyingi, kuliko hata kwenye sufuria za sikukuu. Kigango kikitaka kujenga, vijana hufyatua matofali, hupanga tanuri, hukata magogo ya miti mibichi, na moto huwaka mchana na usiku. Twaona fahari, na ni haki kuona fahari, kwa maana ni nyumba ya Mungu na tumeijenga kwa mikono yetu. Lakini nani aliyeandika magogo mangapi? Siku hizi kuna mashine za kushindilia udongo pamoja na saruji kidogo, zikatoa matofali ya kufungamana yasiyochomwa kabisa. Hukauka kivulini, yakajengwa. Saruji ni ghali, ndiyo. Hata hivyo wekeni bei mbili mezani, ya saruji na ya magogo, mkiyahesabu magogo kama mali ya mtu wala si kitu cha bure. Labda mtaona bei hazipitani sana.

Kuna moto mwingine ambao Kanisa haliuwashi lenyewe, ila laota joto lake. Ni moto wa tumbaku. Wakulima wetu wa tumbaku ya mvuke huikausha katika mabani, na bani hutaka kuni siku kadhaa bila kuzimika. Mwezi wa malipo ukifika, kila mhasibu wa parokia anajua sadaka hunona. (Habari ya tumbaku na mapafu ya watu tuiache kwa leo, ni mazungumzo mengine, nayo marefu.) Mikataba ya tumbaku humtaka mkulima apande miti yake ya kukaushia. Wengine hupanda kweli. Wengine hupanda kwenye karatasi. Basi, kama jumuiya yaweza kumwuliza mtu kama ametoa zaka, kwa nini isiweze kumwuliza kama kuni za bani lake zatoka shambani mwake au zatoka msitu wa wote? Akiwa na shamba la miti apewe heshima mbele ya watu. Akiwa hana, jumuiya imsaidie kulianzisha, kama inavyomsaidia mtu kujenga kaburi au kulea mgonjwa.

Labda sasa mama mmoja atasema: "Wewe mwandishi wapenda kuhesabu, mimi ndiye ninayebeba." Kweli kabisa, mama. Ndiyo maana naita jambo hili jambo la haki, wala si la miti tu. Msitu ukisogea mbali, baba haongezewi mwendo, waongezewa wewe na binti yako. Saa ambazo binti angesoma anazitumia njiani. Moshi wa mafiga matatu waingia machoni mwako, si machoni mwa kamati. Kwa hiyo nashauri kwamba daftari la kuni lishikwe na akina mama wenyewe, na siku ya hesabu mwenyekiti akae asikilize.

Na kuna mambo madogo yasiyotaka fedha. Maharage yalowekwe usiku kucha kabla ya sikukuu. Sufuria ifunikwe. Kuni zipasuliwe na kukauka kabla ya kutumiwa, kwani kuni mbichi hutumia moto wake wa kwanza kujikausha yenyewe. Jiko banifu la udongo, fundi wa kigango aweza kulijenga kwa siku moja au mbili. Haya nawaambia akina mama ambao wengi wao wanayajua kuliko mimi. Nawaandikia zaidi akina baba, wapate kujua kwamba jiko ni kazi ya kujadiliwa katika mkutano.

Kwa shule na nyumba kubwa za Kanisa neno limekwisha kutoka serikalini: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Tena mwaka huo huo wa 2024 ukatangazwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Ni shabaha njema. Lakini mtungi wa gesi una bei, na ukiisha katikati ya mwezi mama hurudi kwenye mafiga. Hapa chama cha akina mama chenye akiba ya pamoja chaweza kumkopesha mtu fedha za kujaza mtungi, akalipa kidogo kidogo. Ni kazi ya huruma kama zile nyingine tulizofundishwa katika katekisimu.

Sasa nije kwa mchoma mkaa, maana kila mtu humsema na hakuna amsemeshaye. Mchoma mkaa naye amebatizwa. Yuko kiti cha nyuma, kwa kuwa nguo zake zanuka moshi. Alikosa mavuno, au hana shamba, au ada ya mtoto imemkaba, akachukua shoka. Tukimtenga, atachoma usiku badala ya mchana, basi. Tumsemeshe. Huko Kilosa, katika Mkoa wa Morogoro, tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa vilijaribu njia nyingine: msitu wa kijiji ulipimwa, sehemu ya mkaa ikagawanywa vipande, kipande kikivunwa huachwa miaka 24 kipate kurudi, ushuru ukaingia katika mfuko wa kijiji. Mchoma mkaa akawa mtu mwenye kibali na jina. Wakristu wa mjini nao wana wajibu wao: ulizeni mkaa mnaounua una kibali cha wakala wa misitu au hauna. Mnunuzi asiyeuliza amekwisha kujibu.

Na tusisahau nyuki. Asali ya Inyonga yajulikana mbali, na mwenye mizinga hataki mti ukatwe wala moto upite. Ila ndugu zangu warina asali, mzinga wa gome humvua mti ngozi akiwa hai, na mti ule hufa. Mzinga wa mbao mmoja wafaa kuliko mitano ya namna hiyo.

Miti yenyewe je? Tusipande? Pandeni, lakini kwa akili ya nchi hii. Kanisa ulimwenguni lina kipindi cha kuombea kazi ya uumbaji, tangu tarehe 1 Septemba hadi 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Ni kipindi kizuri. Lakini Septemba ya Katavi si Septemba ya Ulaya. Kwetu ardhi ni kavu kama kigae, jua ni kali, mioto imezagaa porini. Mche uliopandwa siku hiyo kwa nyimbo na vigelegele hautafika Novemba. Kwa hiyo Septemba kwetu ni mwezi wa mambo mengine: kusafisha njia za kuzuia moto, kutunza vitalu, kuhesabu kuni za mwaka. Kupanda kuje Desemba, mvua zikiwa zimeshika. Na kama mnataka kuchoma nyasi kuzunguka kigango, chomeni mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu kidogo na moto ukiwa mpole. Moto wa Septemba na Oktoba hupanda mitini, ukaua chipukizi zote.

Hizo chipukizi ndizo hazina tusiyoiona. Miti ya miombo, kama mitundu na miyombo, ikikatwa haifi. Kisiki hutoa machipukizi tena. Huko Dodoma wakulima huiita kazi hii Kisiki Hai: huchagua machipukizi machache yaliyonyooka, hupogoa mengine, hutia alama ya kitambaa ili watu wajue kwamba mti huu una mwenyewe, hulinda. Hakuna kununua mche wala kumwagilia, kwa sababu mizizi imekwisha kuwamo ardhini tangu zamani. Ndugu zetu Wasukuma nao wana ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa majira fulani ili nyasi na miti vipumzike. Shinyanga ilipokuwa imekwisha karibu kuwa jangwa, ulianza mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, nao ukajengwa juu ya desturi hiyo hiyo ya ngitili. Maelfu ya hekta za msitu zikarudi, hata Umoja wa Mataifa ukautunuku mpango huo mwaka 2002. Basi yule "mgeni" mwenye ng'ombe mnayemlalamikia huenda ndiye mwalimu wenu. Mwulizeni mzee wa Kisukuma aliye katika jumuiya yenu, kwao ngitili ilifungwaje.

Nina shauri moja tena. Mtoto akibatizwa, tunamtafutia msimamizi. Mti nao upewe msimamizi. Siku ya ubatizo, au mvua ikisubiriwa, basi Desemba yake, upandwe mti mmoja kwa jina la mtoto, na baba wa ubatizo au mama wa ubatizo ndiye ajibu kama umeliwa na mbuzi. Mwembe ni mzuri, mtoto atakula. Mkora ni mzuri, wajukuu watachonga milango. Mkaratusi hukua upesi na wafaa kwa kuni, lakini hunywa maji mengi. Usipandwe kando ya chemchemi.

Tukiwa hapo, hebu tazameni viwanja vya makanisa yetu. Vimefagiliwa vyeupe, hakuna nyasi, hakuna kivuli ila cha ukuta. Huko Ethiopia, katika nchi ya Gondar na Gojjam, makanisa ya zamani ya ndugu zetu Waorthodoksi yamezungukwa na misitu midogo ambayo watu wameitunza karne kwa karne. Mashamba yamekula nchi yote, lakini kuzunguka kila kanisa umebaki msitu, hata mtu aliye ndegeni aweza kuyahesabu makanisa kwa miti yake. Kwetu babu zetu nao walikuwa na miti isiyoguswa. Mbuga ya Katavi yaitwa kwa jina la Katabi, mzimu waliyemheshimu, na mkwaju wake ulio karibu na ziwa wajulikana mpaka leo. Tulipobatizwa tuliacha kuogopa mzimu, ni vema. Lakini wengi tulichukua shoka siku ile ile, kana kwamba Padre alibariki na shoka. Kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, chasimulia kwamba mtu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, kuilima na kuitunza. Ya kwanza tumeishika barabara.

Sasa mto. Mto Katuma hutelemka kutoka milima ya magharibi, ukapita kwenye mashamba ya mpunga, ukaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Kwa miaka zaidi ya ishirini sasa, kila kiangazi hukauka mahali pengi, viboko hurundikana katika matope mmoja juu ya mwenzake, hata watalii huwapiga picha. Sababu kubwa ni maji kuzibwa na kuchepushwa juu kwa ajili ya mashamba, na misitu ya vyanzo kukatwa. Mkulima wa juu si mwizi, analima ale. Lakini yuko mtu wa chini asiyemwona, naye anataka kunywa na kunywesha. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mita 60 si nyingi, ni kama urefu wa makanisa mawili au matatu ya kigango. Nafikiri vigango vya juu ya mto na vigango vya chini vingekutana mara moja kwa mwaka, mwezi wa Agosti maji yakiwa machache, wakatembea ukingoni pamoja, na kila mmoja aone linalofanyika kwa mwenzake. Kikao cha namna hiyo ni kigumu, maana watakaogombana ni watu waliokomunika pamoja. Hata hivyo nani mwingine atawaita, kama si Kanisa lenye waumini pande zote mbili?

Mpaka hapa nimewashika ninyi tu, na msomaji mwenye akili amekwisha kukasirika. Atasema: "Mwandishi, moshi wa jiko langu ndio ulioharibu hali ya hewa ya dunia? Ulaya na Marekani wamechoma makaa ya mawe na mafuta miaka mia na zaidi, halafu mimi nihesabiwe kuni za pilau?" Umesema kweli, na hasira yako ni ya haki. Kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi, Mmarekani mmoja hutoa kwa mwaka kadiri ya tani 14 za hewa ya ukaa. Mtanzania mmoja hafikishi hata nusu tani. Afrika nzima, yenye karibu mtu mmoja kati ya kila watu watano wa dunia, hutoa chini ya sehemu nne kwa mia. Na mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyopata kupimwa duniani. Huyo ndiye jirani aliye juu ya mto wetu, na sisi ndio wa chini.

Lakini tuwe wakweli pia, tusiseme kila mafuriko ni dhambi ya Mzungu. Ziwa Tanganyika limejaa sana miaka hii, likaingia nyumba za watu mwambaoni. Lilijaa vilevile katika miaka ya 1870, kabla hata Wamisionari hawajafika Karema mwaka 1885, kisha likapata njia kwa mto Lukuga likashuka. Ziwa lina tabia zake za kale. Jipya ni joto linalozidi, na mvua zinazokuja kwa fujo, nazo huongeza uzito juu ya tabia hizo za kale. Mtu anayedai haki na adai kwa hesabu sahihi, asije akashindwa barazani.

Madai yenyewe yameanza kusikika. Novemba 2022, huko Sharm el-Sheikh katika Misri, mataifa yalikubali uwekwe mfuko wa kuzisaidia nchi maskini zinazopata hasara kwa mabadiliko ya tabianchi. Ahadi ni kubwa kuliko fedha zilizoingia. Na Julai 2025 maaskofu wa Afrika, wa Asia na wa Amerika ya Kilatini walimpelekea Baba Mtakatifu Leo XIV andiko lao la pamoja, wakiwadai matajiri walipe deni lao, na wakionya juu ya dawa za uongo, mojawapo ikiwa ni biashara ya hewa ya ukaa, ambapo mwenye kiwanda hulipa kidogo kisha akaendelea kutoa moshi.

Onyo hili latugusa sisi kuliko mnavyodhani. Jirani zetu wa Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vinavyoulinda msitu wa milima ya Ntakata, hulipwa kwa biashara hiyo hiyo. Wamepata mabilioni ya shilingi. Wamejenga madarasa na zahanati, wamelipia watu bima ya afya, na msitu umesimama. Je, tuwaambie wairudishe fedha? Mimi siwezi kumwambia hivyo mama aliyejifungulia katika zahanati ile. Wala siwezi kusema maaskofu wamekosea, kwani moshi wa kule haukukoma kwa sababu sisi tumelinda miti huku. Naona mambo mawili yasimame pamoja, ingawa yasukumana: fedha zipokelewe kama ujira wa walinzi wa msitu, lakini zisipokelewe kama risiti ya kumfutia mwingine deni lake. Na katika kila kijiji hesabu isomwe hadharani, ni kiasi gani kimeingia, nani ameamua, na wale waliozuiwa kulima au kuchoma mkaa msituni wamepata nini. Katekista ajuaye kusoma na kuandika vizuri anafaa sana kukaa katika mkutano huo na kuuliza.

Kawajense hamna msitu wa Ntakata. Mna jiko, tanuri la matofali, na sikukuu ya kigango. Anzeni na sikukuu itakayokuja. Andikeni walikula watu wangapi, mizigo mingapi ya kuni au magunia mangapi ya mkaa yalitumika, yalitoka wapi, na nani aliyeibeba au kuilipia. Mwaka unaofuata andikeni tena, baada ya kuloweka maharage na kujenga jiko banifu. Nileteeni hesabu hizo hapa gazetini, nami nitazichapa bila kutaja jina la kigango, ili asiaibishwe mtu. Wa vijijini watumieni mzigo wa kichwa kuwa kipimo, wa mjini gunia. Msichanganye viwili katika hesabu moja. Na anayeandika awe mama.